Ngome Iliyopinduliwa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja katika Bonanza la Sataranji

Kisa hiki kilitokea Jumamosi moja alasiri, katika ukumbi mdogo wa kupanga huko Sinza, Dar es Salaam, ambako klabu yetu ya sataranji hukutana. Nakiandika kwa sababu kimekuwa kikisimuliwa vijiweni kwa namna mbili zinazopingana, kila upande ukiwa na mwonewa wake na mjanja wake, na kwa sababu mwamuzi wa siku hiyo nilikuwa mimi. Msomaji atambue tangu mwanzo kwamba haandikiwi na mtu wa pembeni. Wachezaji wawili wanaohusika sitawataja majina. Mmoja nitamwita Mzee, kwa kuwa ndivyo sote tunavyomwita, na mwingine nitamwita Kijana, ingawa ana umri wa kutosha kuitwa baba wa watu.

Kisa hakieleweki bila kuielewa klabu yenyewe. Sisi ni watu wa ridhaa kabisa: yupo dereva wa bajaji, mhasibu, fundi simu, walimu wawili, wanafunzi wa chuo, na wastaafu wachache wanaofika mapema kuliko wote na kuondoka wakiwa wamekasirika. Tunaanza saa nane mchana na kuendelea mpaka mwenye ukumbi anapokuja kugonga mlango. Mbao zetu ni za turubai, zinazokunjwa na kubebwa kwapani ndani ya daladala, na kete zetu ni za plastiki. Tuna maboksi sita ya kete, na wakati wa kisa hiki ni manne tu yaliyokuwa kamili. Boksi moja lilikosa malkia mweupe, jingine lilikosa malkia mweusi na kitunda kimoja, yaani ile kete ndogo ambayo wengi hapa huiita paoni. Kitunda kilichopotea kilikuwa na mbadala wake wa kudumu, kizibo cha soda, na hakuna aliyeona ajabu.

Upungufu huo ulizaa desturi. Mchezaji akifikisha kitunda chake mstari wa mwisho, ambako hupandishwa na kwa kawaida kuwa malkia, huku malkia wake wa kwanza bado yuko ubaoni, au hajulikani alikowekwa, huchukua ngome iliyokwisha kuliwa, kete ambayo kwa kawaida huenda wima au mlalo tu, akaiweka juu chini, akasema “kwini”, yaani malkia, na mchezo ukaendelea. Kwetu jambo hilo lilikuwa rahisi kukubalika kwa sababu wengi tumeingia kwenye sataranji tukitokea kwenye drafti. Mtu aliyecheza drafti ya vizibo tangu utotoni amezoea kwamba kete ikiingia kingi hubebeshwa kizibo kingine mgongoni, na kuanzia hapo umbo lake ni makubaliano ya wawili wanaocheza. Kugeuza ngome ikawa malkia ni mantiki ileile. Kwa Jumamosi za kawaida, za kucheza kwa kujifurahisha na kutaniana, desturi hiyo haikuwahi kumdhuru mtu, nami mwenyewe nimeitumia mara zisizo na idadi.

Siku ya kisa haikuwa Jumamosi ya kawaida. Lilikuwa bonanza letu la raundi tano, wachezaji kumi na wawili, kwa mfumo wa Uswisi, ambao katika kila raundi huwakutanisha wenye pointi sawa au zinazokaribiana bila kumtoa mtu mashindanoni. Kila mchezaji alipewa dakika 25 kwa mchezo mzima, bila nyongeza ya sekunde kwa kila hatua. Ningependa kusema uamuzi huo ulitokana na falsafa fulani, lakini ulitokana na saa zetu: mbili kati ya sita ni za mshale, na saa ya mshale haijui kuongeza sekunde. Kabla ya raundi ya kwanza nilisimama mbele nikatangaza kwamba tungetumia sheria za mchezo wa kasi za FIDE, shirikisho la kimataifa la sataranji lililoanzishwa Paris mwaka 1924. Nikakumbusha kuhusu simu, na kwamba anayegusa kete yake kwa nia ya kuichezesha lazima aichezeshe hiyohiyo. Kuhusu kupandisha kitunda sikusema neno.

Raundi ya tano iliwakutanisha Mzee na Kijana kwenye meza ya kwanza, kila mmoja akiwa na pointi tatu na nusu. Aliyeshinda angechukua zawadi, seti mpya pamoja na saa. Kijana alimwamkia Mzee kwa shikamoo, wakapeana mikono, wakaanza. Katika mchezo wa kasi wachezaji hawalazimiki kuandika hatua zao, kwa hiyo hali ninayoieleza hapa niliijenga upya baadaye pamoja na wote wawili, na wote wawili waliikubali. (Herufi hutaja safu ya wima ya ubao, a hadi h, na namba hutaja mstari, 1 hadi 8.)

Mzee, mwenye kete nyeupe, alikuwa na mfalme kwenye g2, vitunda kwenye g3 na h4, na kitunda kimoja kilichokuwa kimebakiza hatua moja, kwenye a7. Kijana alikuwa na mfalme kwenye g7, askofu kwenye f6, vitunda kwenye f7, g6 na h5, na kitunda chake hatari kwenye d3. Ilikuwa zamu ya Mzee. Saa ilimwonyesha chini ya dakika moja. Kijana alikuwa na karibu dakika tatu. Watu waliokwisha kumaliza michezo yao walikuwa wamejikusanya nyuma ya viti.

Mzee alisukuma kitunda hadi a8, akatupa jicho kwenye rundo la kete zilizoliwa, hakumwona malkia wake, akachukua ngome nyeupe, akaiweka juu chini kwenye a8, akasema “kwini” kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni, na kubonyeza saa. Kijana hakusema chochote. Alifikiri kwa muda ambao watazamaji waliuona mrefu, akasogeza kitunda chake kutoka d3 hadi d2, akabonyeza saa. Mzee papo hapo akaishika ile ngome iliyogeuzwa, akaipitisha kwenye mshazari wa b7 na c6 hadi d5, akabonyeza saa. Hapo Kijana akasimamisha saa, akanyoosha mkono, akasema kwa upole: “Samahani mwamuzi, ngome imekwenda mshazari.”

Mimi nilikuwa meza ya nne, nikihangaika na saa iliyogoma. Nilipofika, niliuliza maswali mawili tu: ni kete gani iliyowekwa a8, na nani alicheza nini baada ya hapo. Hakuna aliyebisha juu ya ukweli wowote. Niliamua kwamba kete iliyowekwa ilikuwa ngome, na kwamba hatua ya kwenda d5 ilikuwa batili. Nikairudisha kete a8, nikamwongezea Kijana dakika mbili, kama sheria inavyotaka kwa hatua batili ya kwanza. (Kuziongeza kwenyewe kulinichukua muda wa aibu, kwa sababu nilisahau vitufe vya saa ile.) Kisha nikamweleza Mzee kwamba, kwa kuwa ameishika kete hiyo, lazima hatua mbadala aicheze kwa hiyohiyo, safari hii ikienda kama ngome. Alinitazama kwa muda. Aliipeleka d8, askofu akaila, naye akalaza mfalme wake, akampa Kijana mkono, akachukua kofia yake na kutoka nje.

Sasa nianze na lile ambalo watu hubishania zaidi bila sababu. Wapo wanaosema kwamba Mzee alishindwa kwa sababu ya zile dakika mbili, na wapo wanaosema alishindwa kwa sababu nilimlazimisha aichezeshe kete aliyoigusa. Yote mawili si kweli, na ubao unathibitisha. Ikiwa kete ya a8 ni ngome, basi baada ya kitunda cheusi kufika d2 nyeupe haina pa kushika. Ngome ikienda d8 ili ikishambulie kile kitunda kwa nyuma, askofu wa f6 anaila. Ikishuka a1 kulinda mraba wa d1, askofu huyohuyo anaila kutoka upande wa pili wa ubao. Ikienda a7, kitunda cha f7 kinamkinga mfalme mweusi, kwa hiyo hakuna shaha, yaani tishio kwa mfalme, ya kununulia muda. Ikijitoa mhanga g8 kwa shaha, mfalme anaila na kitunda kinaendelea na safari yake. Mfalme mweupe naye yuko g2, mbali kwa hatua moja isiyopatikana, na kumsogeza yeye badala ya ngome kusingebadilisha lolote. Lakini ikiwa kete ya a8 ni malkia, hatua ya d5 inakamata kitunda na kukizuia kwa pamoja; nyeusi ikimpeleka askofu c3 kukilinda, malkia anaendelea kuushika mraba wa d1, na malkia dhidi ya askofu ni ushindi kwa mchezaji yeyote wa klabu yetu. Mchezo mzima, basi, uliamuliwa na jibu la swali moja: ni kete gani iliyotua a8?

Na kwa swali hilo sheria haina kigugumizi. Kupandisha kitunda ni sehemu ya hatua yenyewe: mchezaji hukiondoa na kuweka malkia, ngome, askofu au farasi wa rangi yake, na uteuzi unakamilika pale kete mpya inapougusa mraba. Hafungwi na kete zilizoliwa. Kinadharia mtu mmoja anaweza kuwa na malkia tisa ubaoni. Mwongozo wa waamuzi wa FIDE unaitaja ngome ya juu chini waziwazi: hiyo ni ngome, hata kama mchezaji ameitamka kuwa malkia, na ikipelekwa mshazari hatua hiyo ni batili. Sheria inampa pia njia ya kufanya mchezaji asiyemwona malkia, nayo ni kusimamisha saa na kumwita mwamuzi amletee. Huo ni mfano unaotajwa na sheria zenyewe zinapoeleza sababu halali za kusimamisha saa. Mzee, aliyekuwa na sekunde chache, angeweza kuzilinda zote kwa kubonyeza kitufe kimoja. Hakujua. Wala sidhani wachezaji watatu kati ya wale kumi na wawili walijua.

Kuna waliouliza kwa nini neno “kwini” lililosikiwa na ukumbi mzima lisihesabiwe. Swali hilo ni la haki, nami nililifikiria usiku kucha. Jibu langu ni kwamba katika sataranji ubao ndio unaosema. Mchezo huu huwakutanisha watu wasioelewana lugha, watu wasiosikia, na watu waliokaa kwenye kumbi zenye kelele za jenereta. Kama kauli ingeweza kubadili kete, kila ugomvi ungekuwa ugomvi wa nani alisikia nini. Sheria imechagua kitu ambacho mwamuzi anaweza kukiona hata akifika akiwa amechelewa, kama nilivyochelewa mimi.

Jambo kama hili, tena katika ngazi ya juu kabisa, lilitokea Kanada mwaka 2017, katika michezo ya kuvunja sare ya ubingwa wa nchi hiyo kati ya Bator Sambuev na Nikolay Noritsyn. Noritsyn, akiwa amebanwa na muda, alipandisha kitunda na kuweka ngome juu chini kwa sababu malkia hakumwona. Malkia huyo alikuwa mkononi mwa Sambuev. Mwamuzi aliingilia akatangaza kwamba ile ni ngome, Sambuev akashinda, na rufaa ikakataliwa. Nilikitaja kisa hicho mbele ya kamati yetu, na nilikitaja kwa uaminifu pungufu, kwa maana nilisisitiza kile kinachofanana na kupita haraka kwenye kile kinachotofautiana. Kule, malkia alikuwa kwa mpinzani. Kwetu, malkia alikuwa kwa nani?

Hapa ndipo penye uzito wa kisa, na ndipo masimulizi ya vijiweni yasipofika. Boksi la meza ya kwanza lilikuwa miongoni mwa yale manne kamili. Katika raundi ya tatu, mchezaji wa meza ya tano, anayetumia boksi lisilo na malkia mweupe, aliniomba kete. Nilimtoa malkia kwenye boksi la meza ya kwanza, ambako mchezo ulikuwa umekwisha, nikampelekea. Baada ya raundi ile nilimrudisha. Katika raundi ya tano aliyekaa meza ya tano aliniomba tena, nami nikafanya vilevile, safari hii nikisubiri mpaka malkia mweupe wa meza ya kwanza alipoliwa na kuwekwa pembeni. Nilipita nikamchukua kimyakimya ili nisiwasumbue wachezaji. Niliona nimefanya jambo la busara. Mzee alipotupa jicho kwenye rundo, malkia wake alikuwa meza nne mbali naye, na aliyempeleka huko ni mtu yuleyule aliyekuja kumwambia kwamba kete yake ni ngome.

Je, Kijana alitenda vibaya? Baadhi ya wazee walimlaumu kwa kunyamaza, wakasema mtu muungwana angemwambia mwenziwe, “Mzee, hiyo ni ngome, mwite mwamuzi.” Sikubaliani nao kikamilifu. Hatua yake ya d2 inaonyesha aliichukulia kete ile kuwa ngome tangu ilipotua, maana dhidi ya malkia hatua hiyo haimfikishi popote. Alicheza dhidi ya kete iliyokuwapo kisheria. Hakudanganya, hakuficha malkia, na alidai haki yake kwa wakati: sheria za mchezo wa kasi, pale mwamuzi mmoja anaposimamia meza nyingi, zinamtaka mchezaji aidai hatua batili kabla hajajibu, la sivyo hatua hiyo inasimama. Alikiri kwangu baadaye kwamba kila Jumamosi yeye mwenyewe huweka ngome juu chini. Hilo ndilo linalonikwaza kidogo: alifurahia desturi siku za kawaida na akaiacha siku ya zawadi. Lakini nani aliyemwambia kwamba siku ya zawadi desturi haipo? Mimi, kwa kutangaza sheria za FIDE. Naye alisikiliza tangazo langu kwa makini kuliko nilivyolifikiria nilipolitoa.

Mzee hakukata rufaa. Waliokata ni marafiki zake, Jumatatu yake, na kamati ya watu watatu ikaketi chini ya mwembe uliopo uani. Hoja yao bora haikuhusu ngome hata kidogo. Mmoja wao alisoma utangulizi wa sheria za sataranji, unaokiri kwamba sheria haziwezi kugusa kila hali, na unaomtarajia mwamuzi awe na uwezo, busara na kutopendelea ili afikie suluhisho la haki. Akasema: hali ambamo mwamuzi mwenyewe ameondoa malkia mezani haimo katika kifungu chochote, kwa hiyo ni hapo hasa utangulizi unapofanya kazi. Akapendekeza zawadi igawanywe.

Mimi nilijibu kwamba utangulizi huo ni wa mahali sheria inapokaa kimya, na juu ya ngome ya juu chini sheria haikukaa kimya. Kamati ilinikubalia kwa kura mbili dhidi ya moja, na matokeo yakabaki. Leo, baada ya kuyapitia yote tena, naona nilijibu swali ambalo hakuulizwa mtu. Uamuzi wangu mezani ulikuwa sahihi, na kama ningerudishwa pale ningeutoa uleule, kwa kuwa Kijana hakupaswa kuadhibiwa kwa kosa langu. Lakini hoja ya mrufani ilikuwa juu ya kilichotokea kabla ya hatua ya a8. Wajibu wa mwamuzi wa kuhakikisha mazingira mazuri ya kuchezea hauanzi pale mkono unaponyooshwa. Ningeweza kukiri kosa langu mbele ya kamati na kupendekeza klabu imfidie Mzee kwa njia nyingine, pasipo kumnyang’anya Kijana chochote. Sikupendekeza. Nilikuwa nimeshughulika mno na kuonekana kwamba sheria naijua.

Hatua za klabu zilikuwa chache na za kawaida. Tulikwenda Kariakoo kutafuta malkia wa akiba, tukakuta hakuna anayeuza kete mojamoja, basi tukanunua seti mbili za bei nafuu, tukatoa malkia wote wanne na kuzifanya zilizobaki kuwa za watoto wanaokuja Jumapili. Malkia hao hukaa kwenye kopo juu ya meza ya mwamuzi. Siku za mashindano, tangazo langu lina sentensi ya ziada juu ya kupandisha kitunda na kusimamisha saa, na mwamuzi haruhusiwi kuhamisha kete ya meza yoyote mchezo ukiwa unaendelea. Kuhusu Jumamosi za kawaida hatukukubaliana. Wengine walitaka ngome ya juu chini ipigwe marufuku moja kwa moja ili mikono izoee, wengine wakasema klabu ikifika hapo itakuwa ofisi, na hadi sasa kila meza inafanya inavyopenda.

Mzee alikosa Jumamosi tatu, kisha akarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimwomba radhi pembeni, karibu na ndoo ya maji. Alisema, “Yamekwisha, mwanangu,” na kuniuliza kama nimejifunza kutumia saa. Tangu hapo, kila anapopandisha kitunda katika mashindano, huisimamisha saa, hunyoosha mkono na kuniita, hata kama malkia wake yuko kando ya kiwiko chake mwenyewe. Natoka meza ya sita, namchukua malkia, namkabidhi mkononi. Anashukuru, anamweka ubaoni, anaendelea. Sheria inaniruhusu kumwadhibu mchezaji anayesimamisha saa bila sababu ya msingi. Bado sijafanya hivyo.